Kopo la Udongo Kando ya Kisima

Baba Zuwena,

Kukuuliza hali siwezi. Hali yako anaijua Mola wako, nami kila baada ya sala namwomba akufanyie wepesi. Nitakupa hali yetu sisi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ukiona herufi zimelaliana usicheke. Ndilo darasa la nne lile lile ulilokuwa ukilisifia barazani ukidhani mimi ndani sisikii.

Eda nimeimaliza, miezi minne na siku kumi, na uliza jirani yeyote kama niliwahi kuonekana njiani. Lakini nguruwe hawajui eda. Udongo wa kaburi lako haujakauka, wao washaingia kwenye muhogo. Nakaa chumbani nasikia miti inavunjika, kra, kra, na Msiseme, mbwa wako, hawezi tena kuinuka akawafukuza. Siku ya maziko watu walimrushia mawe asifuate jeneza. Akarudi, akajilaza mgombani pale ulipokuwa ukimwekea maji, na chakula hakukitaka tena. Arubaini yako hakuifikia. Miaka kumi na moja nilikugombeza kwa ajili ya mbwa yule, na nilimlilia, Baba Zuwena. Nilijifunika kanga nikalia.

Nilipotoka eda, nduguyo Makame akaja. Akanywa kahawa, akazunguka maneno, mwisho akasema shamba lisilo mwanamme wala mbwa ni karamu ya nguruwe tu. Bora likabidhiwe mtu mwingine, mimi nihame Chwaka niende kwa dada yangu mjini, Ng'ambo. Hakusema kwa ubaya, shemeji yangu si mtu mbaya. Lakini mimi nayaona matuta yale, kila moja umelipandisha kwa jembe lako. Nikamwambia mbwa nitapata. Akacheka, akasema kweli, mbwa koko wamejaa njiani, nichague. Nikamwambia koko sitaki. Nataka wa yule mama Mgoa wa Vuga, mjini.

Umewakumbuka mbwa wale? Kila ukipeleka muhogo mjini ulirudi na habari zao badala ya habari za soko. Masikio yamelala, rangi ya asali, mama na baba mbegu moja, hawakuchanganyika na yeyote. "Mbwa wale wana nasaba kuliko mimi na wewe, Mama Zuwena." Nami nikikujibu basi kampose mmoja.

Basi nilikwenda mimi kuposa. Na nilikwenda na mwanao. Zuwena sasa yuko mwaka wa mwisho wa ualimu, na sijisifu, lakini Kiingereza kinamtoka kama maji ya mfereji. Hata walimu wake wanashangaa. Si yeye aliyeniambia, nimejionea mwenyewe. Nikavaa buibui langu zuri, nikamtanguliza mbele.

Yule mama anaitwa Bi. Filomena. Ni mjane kama mimi. Anafuga uani kwake, majike wawili tu, wanazaa mara moja kwa mwaka, na kabla hajakuuzia anakuhoji utasema umekuja kuoa kwake. Atalala wapi? Atakula nini? Mtamfunga mnyororo mchana kutwa? Zuwena anajibu kwa Kiingereza, mimi natikisa kichwa kama naelewa yote. Akatoa karatasi ina majina ya mababu wa mbwa mpaka kizazi cha nne. Nikajisemea, mimi babu wa babu yangu nikiulizwa jina lake nitaumbuka.

Kisha akaniwekea mtoto wa mbwa mapajani.

Nilimshika kwa mikono miwili, wala sikukunja uso. Ana joto kama mkate uliotoka motoni sasa hivi. Akanilamba, kiganja chote kikarowa. Nikamrudisha taratibu, nikafungua mfereji wa maji pale uani, nikachota udongo kidogo kwenye kopo lake la maua, nikanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini inavyotaka. Sikuona ajabu, ndiyo mambo yetu. Kugeuka, naona uso wa yule mama umebadilika. Keshamchukua mbwa, keshamtia kapuni. Akaniambia, na Kiswahili chake kumbe kimenyooka kuliko changu:

"Bibi, mimi wanangu hawa siwauzi kwa mtu anayewaona uchafu."

Nikamtazama Zuwena. Mwanao, mwalimu wa kesho, Kiingereza kimemkauka mdomoni. Nikaliona shamba linaniponyoka, nikajiona Ng'ambo chumba cha uani kwa dada, nawaza matuta yako. Nikavuta buibui nijiondokee zangu.

Ndipo nikakuona. Wallahi nilikuona, umechutama kisimani baada ya kusasa nguruwe na Msiseme, kopo la udongo pembeni, unanawa na kuhesabu, moja, mbili, tatu, ukifika tano unapumzika. Na mimi mlangoni nakuchamba kwa maneno, maji nimeteka mimi, mgongo umeniuma mimi, yanaishia kwenye mate ya mbwa. Nawe unaendelea kuhesabu. Kesho yake mkono ule ule unarudi kichwani kwa Msiseme. Miaka yote ile sikuwahi kulifikiri jambo hili mpaka siku ile, nimesimama uani kwa watu, mikono inachuruzika maji.

Nikamwambia, "Bi. Filomena, asiyempenda mbwa hana haja ya kunawa. Hamgusi, basi. Marehemu mume wangu alinawa mara saba kila siku ya Mungu, kwa maji ya kuteka kisimani, ili kesho amguse tena. Na mimi nimemshika huyu wako nnajua kuwa nitanawa."

Akaliweka kapu chini. Kisha akaniuliza mbwa wa marehemu alikuwa akiitwa nani. Nikamweleza Msiseme, na jina lake, kwamba ulimpa makusudi kwa ajili ya majirani waliokusema. Nikamweleza ya jeneza na ya mgombani. Akajifuta macho kwa aproni yake, akaniletea yule yule niliyemshika, na karatasi yake. Bei sikwambii, ulale kwa amani.

Kwenye gari la Chwaka utingo akasema mbwa apande juu na mizigo. Nikamwambia huyu ana karatasi ya mababu wa vizazi vinne, wewe lete yako ndipo uzungumze nami. Gari zima likacheka. Nikakaa naye nyuma kabisa, kapu miguuni. Nimemwita Nasaba, maana neno ni lako.

Sasa amekua, miguu mirefu utadhani ameazima. Kubadhi langu la mguu mmoja keshalitafuna. Na juzi, baada ya sala ya alfajiri, nikasikia amebweka kule mpakani, si ule ubwekaji wake wa kuku. Kulipopambazuka nikaona nyayo za nguruwe zimefika tuta la kwanza zikageuka. Hata mti mmoja haukuvunjwa.

Nilimwita Makame aje aone. Akainama akazifuata nyayo zile kwenda na kurudi. Nasaba akamjia, akamlamba mkono. Nikajua sasa atampiga teke. Hakumpiga. Alimkuna nyuma ya sikio, akamkuna kwa muda, kisha akaniuliza, "Shemeji, udongo wa kaka uko wapi?"

Nikamwonyesha kopo lako. Sikulitupa, lilikuwa pale pale kando ya kisima. Akachutama akanawa, anahesabu kwa sauti, na alipofika tano akapumzika. Kumbe mlifundishwa na mama mmoja. Nikaingia jikoni asinione. Alipoondoka hakuitaja Ng'ambo, na jana kaniletea mzigo wa mbegu ya muhogo, kautua mlangoni.

Baba Zuwena, maji yale niliyokugombeza kwa ajili yake, nisamehe. Ningalijua ningalikutekea ndoo mbili.

Zuwena akifika likizo nitakuja naye kaburini, akusomee Yasini kwa sauti yake ile. Kopo nimelijaza udongo mpya, safi, wa pale mgombani. Maadamu nina mikono, halitakaa tupu.

Pumzika, mume wangu. Shamba lina mwenyewe.

Mkeo,
Mama Zuwena