Mama Godelieve, Uliyempeleka Clarisse Kupimwa

Mwaka umetimia, Mama Godelieve, tangu tukurudishe kijijini Swima na kukulaza karibu na mama yako.

Sauti yako ilisikika sokoni kabla beseni lako la ndagala, dagaa wa ziwani, halijaonekana. Mteja akishalipa, ulimwongezea konzi moja ya matabishi, ya bure. Mama mkimbizi kutoka Burundi ulimwongezea mbili, ukisema samaki ni wa ziwa, si wako. Jumapili ulifika kanisani kabla ya mwenye ufunguo. Bugali wako ulikuwa mgumu, na hakuna aliyethubutu kukuambia.

Damu ilipoanza kukutoka, ilhali ulikuwa umekoma hedhi miaka mingi, ulituficha. Ulikwenda kuomba dawa, ukapewa vidonge, halafu sindano, halafu vidonge vingine. Miezi saba. Hakuna aliyekuambia ulale kitandani akuangalie, na wewe ulishukuru kwamba hawakukuambia. Muuguzi Nadège, huko mjini Baraka, ndiye wa kwanza kukupima kwa macho na kwa mkono. Haikumchukua hata robo saa kuona kidonda kwenye mlango wa kizazi. Kansa ilikuwa imekwisha kuenea.

Ulilia siku mbili. Siku ya tatu ulimwita mdogo wako Clarisse. Naye alikuwa akitokwa na damu, amekuambia wewe peke yako, na ameapa kwamba hatavua nguo mbele ya mgeni. Ulimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mi nilisikiaka haya ya kuvua nguo miezi saba, mudogo wangu," ukamwambia. "Twende. Nitakushika mukono."

Mlipanda pikipiki mbili, na kila shimo la barabarani lilikuumiza. Ndani ya chumba ulisimama kichwani pa Clarisse, ukimsimulia jinsi mbuzi wa Bertin, mwanakwaya mwenzako, alivyokula vitabu vya kwaya, mpaka Nadège akasema amemaliza. Kidonda chake kilikuwa bado kidogo. Alipasuliwa Bukavu, akarudi wiki tatu kabla hujatuacha.

Wakati huo hukuweza tena kukaa. Ulimwomba akuonyeshe kovu. Ulilipapasa kwa kidole, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Balifanya kazi ya muzuri," ukasema, ukalala usingizi.

Tunaokukumbuka ni mumeo Darius, wanao Guy na Gloriose, wajukuu wako sita, wanakwaya wenzako, na mdogo wako Clarisse, aliye mzima.

Mpaka siku zetu ziishe, Mama, hatutakusahau.