Gemu Niliyokataa Kuuza

Duka la Gemu za Mtumba,
Nyuma ya Stendi,
S.L.P. 218.
9 Juni

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo wewe na wifi? Watoto wanaendeleaje na shule? Na kile kikohozi chako cha msimu wa baridi, kimekuacha au bado unabishana nacho na kukataa kwenda hospitali? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Ujumbe wako niliupata mwanzoni mwa mwaka, na unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Ulisema mwaka huu hamji, kwamba mnajipanga kukaa huko moja kwa moja, na kwamba niuze sanduku lako la gemu lililobaki chumbani, maana zote umeshazimaliza na zinajaza nafasi bure. Biashara yangu ndiyo hiyo, nikaona sawa. Basi nikuambie zilivyokwenda.

Ile ya mpira ilinunuliwa siku hiyohiyo. Kila mwaka inatoka nyingine yenye wachezaji wapya, kwa hiyo ya zamani unaiuza kama mboga, ikinyauka umetupa. Ile ya upelelezi uliyokuwa ukimsimulia kila mtu mpaka mwisho wake, hadi tukakukimbia, ilikaa rafuni wiki nyingi. Nani atamtafuta muuaji wakati mtaa mzima unamjua? Nimemwachia kinyozi wa jirani, iwe ya wateja wanaosubiri zamu. Nasikia na yeye anawaambia muuaji ni nani.

Duka lenyewe linakwenda, ila si kama zamani. Gemu mpya nyingi siku hizi hazina diski, mtu anazipakua kwenye mtandao, na kitu kisichoshikika hakiuziki mtumba. Halafu kuna jambo nimejifunza nyuma ya kaunta hii: gemu nzuri hasa hairudi dukani. Mbovu inarudi kabla sijasahau sura ya aliyeinunua. Rafu zangu zimejaa zile za katikati, zilizopendwa kidogo zikachokwa.

Ndiyo maana nikinunua diski siiweki rafuni papo hapo. Inakaa kwanza chini ya kaunta wiki nzima, maana watu nawajua. Mtu anauza leo kwa hasira ya kushindwa, keshokutwa anakuja ametulia kama maji mtungini, anaomba arudishiwe. Vijana wananiita Dada Subiri. Na waniite.

Sasa nije kwa Mama.

Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala, hilo unalijua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kimpira cha kufinya. Mama akakifinya siku moja, akasema yeye si mtoto, akampa mbwa wa jirani. Mbwa amenawiri, mkono ukabaki vilevile. Tulibembeleza, tukakasirika, wapi!

Siku niliyokwenda kwa Mama kuchukua sanduku lako nilizijaribu diski kwenye mashine yako ya sebuleni, nione zipi zimekwaruzika. Mama amekaa pembeni ananitazama tu. Nilipofika kwenye ile ya lori la mizigo, ambayo sokoni hata bure hawaitaki, akanyoosha mkono: "Hebu lete hapa." Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachozungusha usukani. Hakuiachia pedi ya kuchezea mpaka chakula kikapoa.

Hiyo nikakataa kuiuza, na tangu hapo anaicheza kila asubuhi. Anapakia makreti, anaendesha, anashusha, kisha anaanza upya hatua ileile ya kwanza. Penye taa nyekundu anasimama, ingawa gemu haimlazimishi. Akigonga kuku anaomba radhi. Wajuzi wa gemu hupenda kubishana ipi inafaa kurudiwa na ipi ukimaliza umemaliza. Mimi nawaambia waje wamwone Mama na hatua yake ya kwanza. Na mkono umeamka! Juzi kafunga vifungo vya gauni peke yake, nami nikaenda jikoni kulia.

Tatizo ni kwamba mtaalamu alipokuja kumpima wiki iliyopita alisema hatua hiyo mkono umeizoea, hauongezi nguvu tena. Unataka kazi ngumu zaidi, la sivyo utagota hapohapo ulipofika. Hatua ya pili ya gemu ina barabara ya milimani, kona tupu. Ingemfaa sana. Mama akakataa katakata.

Nikadhani hajui namna ya kuvuka lango la kuingilia hatua hiyo ya pili. Nikamleta mteja wangu mmoja, mwalimu wa hesabu, anayeijua gemu hiyo kama kiganja chake, amfundishe. Maskini akaeleza kitufe kimoja kimoja. Mama akamsikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho.

"Mwalimu, kuvuka najua siku nyingi," akasema. "Ila pale langoni wanataka watu wawili. Mmoja anaendesha, mwenzake anamwongoza."

"Si mimi nipo, Mama?" nikamwambia.

"Wewe upo. Mwenye gemu ndiye hayupo. Alipokuwa hapa alinibembeleza kila siku tucheze wote, namwambia ngoja kwanza nimalize vyombo." Akaiweka pedi mapajani. "Sasa vyombo nimemaliza."

Mwalimu akaaga bila hata kunywa chai. Mimi nilichemka, ndugu yangu, sikufichi. Nilitaka nikuandikie maneno makali, kisha nikaona nikueleze tu jinsi mambo yalivyo. Ule mkono hauna muda wa kungoja mpaka mjipange.

Wala usiniambie siku hizi watu wanacheza kwa mtandao, mmoja huku, mwingine kule. Gemu hii ni ya zamani. Inataka pedi mbili kwenye mashine moja, na watu wawili kwenye chumba kimoja. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini mimi sikudai marejeo. Kaeni huko mkitaka. Nakudai likizo moja.

Mjomba anakusalimu, na shangazi pia, ingawa anasema humpigii simu. Kinyozi anauliza kama una gemu nyingine yenye muuaji. Mpe wifi salamu zangu nyingi, watoto uwabusu kila mmoja kwa niaba ya bibi yao. Mama mwenyewe hajatuma salamu. Nilipomuuliza alisema salamu atakupa mkononi.

Mungu awaepushe na mabaya, akulinde na hicho kikohozi, na akupe safari njema, hata kama tiketi hujakata bado.

Ni mimi nikupendaye hata nikikufokea,
Dada yako