Simu Ilisema Tangi Limejaa

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, ila usinicheke. Mimi ni fundi cherehani hapa Amman, nina miaka hamsini na sita, na mwaka huu nimepagawa na vile vibao vidogo vya kielektroniki vyenye waifai, basi nikafunga kimoja kwenye tangi la maji juu ya paa, nikamwambia mke wangu Rudaina, "Acha kupanda huko kugonga tangi na kijiko, simu itakwambia," na kweli simu ikaandika TANGI LIMEJAA, nikatamba mtaa mzima, kumbe maneno hayo niliyaweka mwenyewe kwenye programu kujaribu tu kama ujumbe unafika, kipimo chenyewe hata sijakiunga, na Jumanne, siku yetu pekee ya maji kwa wiki, Rudaina akatazama simu, hakuwasha pampu ya kupandisha maji, Alhamisi bomba likatoa hewa tupu, nami kwa aibu nikasema jirani wa chini, Abu Nidal, ameyavuta maji yetu, Rudaina akamshukia kwenye ngazi, "Humwogopi Mungu, Abu Nidal? Maji ya jirani yako!" jioni mzee wa watu akatuletea madumu mawili ya maji, na tangu hapo hatusalimiani. Je, nikiri, au niunge kipimo kimyakimya yaishe?

Abu Laith

Abu Laith, pole, ila kaa nikuseme. Wenzako huanza kwa kuwasha kijitaa kimoja cha kibao mezani, wakakifurahia siku mbili, ndipo wakaunga kipimo. Wewe bwana mkubwa umeanzia kwenye maji ya familia! Unamshonea mtu suti bila kumpima? Hilo la kibao ni kosa la mwanafunzi, linasameheka. La Abu Nidal ni dhambi, na limeniuma.

Shuka leo ukabishe hodi kwake. Mwambie, "Hukuchukua maji, mimi nilisema uongo." Waifai usiitaje, hana haja nayo. Mpelekee knafeh, ile keki tamu ya jibini, ikiwa ya moto, na madumu yake yakiwa yamejaa. Kipimo utakiunga baadaye, na kwa mwezi mzima mgonge tangi kama zamani kuhakikisha simu haidanganyi.

Na usijipe moyo kwamba mkeo hajui. Bomba kavu, simu bado inasema limejaa, hasira zikishapoa nani asingejua? Barua yake ilinifikia siku mbili kabla ya yako. Anauliza amngojee mumewe hadi lini, kabla hajashuka peke yake kumwomba jirani radhi. Nimemjibu: mpaka Ijumaa, baada ya swala.