Usimjibu Nyakundi Kwanza

Thika,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Magoti yanasemaje na mvua hii? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima, mtoto mzima, baba yake naye mzima, tunamshukuru Mungu. Ni mikono tu imechubuka kwa kumenya mananasi kiwandani. Maji yake yanachoma, lakini nimezoea.

Naandika Kiswahili kwa sababu najua anayekusomea ni Akinyi, yule Mjaluo unayekaa naye, na Kikisii chake bado kinamtoa jasho. Akinyi dada yangu, soma kwa sauti, usiruke mahali, hata pale nitakapomsema kaka yangu.

Mama, nimesikia kaka Nyakundi anataka uhamie kwake Kiogoro, kwenye nyumba ya matofali, na hiyo yako ya nyasi ibomolewe apande chai. Anasema umezeeka na wake za watu wanaokimbilia kwako wanakuchosha. Umeniuliza naonaje. Nimekaa na swali lako wiki nzima, na kila nikiliwaza nakumbuka nyumbani mpaka machozi yananitoka mbele ya mashine. Wenzangu wanadhani ni mananasi.

Unakumbuka siku Moraa alipokuja? Nilikuwa mdogo, nadhani uhuru ulikuwa haujafika. Ulikuwa uani unapepeta wimbi. Akatokea kwenye migomba, mtoto mgongoni, damu sikioni. Kwao hakuweza kwenda, maana baba yake angemrudisha kwa mumewe siku hiyo hiyo asije akadaiwa ng'ombe wa mahari. Wewe ulikuwa mjane, hukuwa na mwanamume wa kumrudisha mtu. Ulimketisha ndani, ukampakulia ugali wa wimbi kutoka chungu chako, ukaita majirani waone akila. "Huyu amekula kwangu," ukasema. "Kuanzia leo ni binti yangu." Mimi sikuelewa kitu.

Nilielewa mumewe alipokuja na rungu. Ulisimama mlangoni, ukafunga kitambaa vizuri kichwani, ukasema kwa upole, "Karibu, mkwe wangu. Siku hizi watu huja kwa mama mkwe na rungu?"

Eh! Jitu zima lile! Aligeuza uso haraka kama aliyekukuta unaoga. Kwetu mwanamume haingii kwa mama mkwe hivi hivi, hata kukutazama machoni ni aibu, na majirani wote walikuwa wamesimama pale wakimwangalia. Akarudi nyuma mpaka kwenye migomba, akaongea akiwa ametugeuzia mgongo, sauti imekuwa ndogo. Sisi watoto tulicheka mpaka ukatufinya. Moraa akakaa kwetu hadi mtoto wake akaanza kutembea.

Baada yake walikuja wengine, hata kutoka Ogembo. Mama, jamani, natamani zile Ijumaa jioni! Wanawake wanajiandaa kwa Sabato, huyu anapukuchua mahindi, huyu anamsuka mwenzake, nyimbo za kanisa zinapanda na moshi, na mboga ya chinsaga imechemka na maziwa mpaka uchungu wote umeisha. Tulilala watoto wengi kwenye ngozi moja, na kulikuwa na joto. Nilidhani kila nyumba duniani iko hivyo.

Sasa nikwambie ujinga niliofanya huku. Kwenye laini za kiwanda tunakokaa nina jirani, Mwende, Mkamba, tunamenya pamoja. Juzi mchana mumewe alimpiga, akakimbilia kwangu na mtoto wake. Mume wangu alikuwa kazini. Nikajiambia, kwani mimi ni binti ya nani? Nikampa ugali upesi, mboga hata haijaiva, nikaita majirani, nikasimama mlangoni. Yule mtu alipofika nikamwambia, "Karibu, mkwe wangu."

Mama, alicheka. "Mkwe wako tangu lini, wewe kasichana?" Akanisukuma kando, akaingia, akamburuta Mwende kwa nywele, tonge bado liko mkononi mwake. Majirani walitazama kidogo, kisha wakarudi ndani kwenye redio zao.

Nililia sana. Nilidhani nguvu iko kwenye yale maneno. Kumbe iko hapo kwako, kwa watu wanaoona aibu, kwenye nyumba ambayo ni yako mwenyewe. Kiogoro mlango utakuwa wa Nyakundi. Mwanamume akija atakaribishwa kitini, watakunywa chai, wataelewana, na mke atakabidhiwa. Nyakundi si mtu mbaya, ni mpole mno, hajui kumkatalia mwanamume mwenzake. Kwa hiyo nakuomba usihame. Nyasi zikivuja tutatafuta mabati. Magoti yakikataa, Akinyi atateka maji. Si ndiyo, Akinyi?

Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wa Sabato aliyenifundisha kusoma, na mke wa Nyakundi pamoja na watoto. Nyakundi mwenyewe msalimie sana, umwambie dada yake hajamkasirikia, ila amemkatalia.

La mwisho, Mama. Barua hii sikuitia posta. Aliyekuletea, huyo aliyesimama hapo uani na mtoto, ndiye Mwende. Nitampandisha basi kesho alfajiri mumewe akiwa zamu. Hajui neno hata moja la Kikisii, na hakuniamini nilipomwambia kuna mahali mwanamume hugeuka mlangoni akarudi. Hata hivyo amefunga mzigo wake. Usimjibu Nyakundi kabla hujamtazama huyu usoni.

Wako niliyekulia nyumba hiyo,
Kerubo