Meza Niliyoitengeneza Vizuri Mno

Jumamosi, mwezi wa Mei. Mvua imepiga tangu alfajiri, kisha ikatuachia lile joto la unyevu linalovimbisha mbao. Droo za kabati hazifunguki. Nami nimefungika vilevile.

Hapa huwa naandika juu ya kazi. Leo naandika juu ya aibu.

Kwa asiyenijua: mimi ni seremala, Mdigo wa upande wa Kwale, na karakana ninayofanyia kazi iko Mji wa Kale, chini ya nyumba ya baba mkwe wangu. Karakana ni yake. Nilifika pale kijana natafuta kibarua, akanifundisha ufundi, na miaka ikapita akaniozesha binti yake, Khadija. Jamaa zake hawakupenda. Walisema mji huu haujaishiwa na vijana wa nyumba zinazojulikana hata binti apewe fundi wa kutoka shamba. Baba aliwajibu, "Huyu naijua mikono yake," na maneno yakaishia hapo.

Mwaka juzi alipata kiharusi. Miguu ilirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Hata kikombe hukishika kwa tabu. Lakini kila asubuhi, akishakunywa chai, alishuka ngazi polepole, akaketi upande wake wa meza na kuchonga marufaa, vile vibao vya kukunja vinavyowekewa msahafu. Aliyachonga kwa mkono wa kushoto. Aliweza kwa sababu ya meza.

Meza hiyo ilikuwa na matundu aliyoyatoboa mwenyewe ujanani, na kila tundu lilikuwa na kigingi chake cha mti. Hakuna kigingi kilichokubali tundu la mwenzake. Baba aliulaza ubao, akachomeka kigingi huku na kabari huku, akapiga ngumi ya kushoto. Ubao umeshikwa. Akitaka kuutoa, hupiga upande wa pili.

Mimi vigingi vile vilinikera. Kazi yangu ni vitanda na milango, mbao ndefu, na nikipiga randa kwa nguvu kigingi hulegea, ubao huteleza, kona huvunjika. Matundu yalikuwa yamepanuka kwa uzee, mengine yamekuwa kama yai. Kwa hivyo mwezi uliopita niliagiza vigingi vya chuma na vibano vya skrubu, vile ambavyo shina lake huingia kwenye tundu la meza. Shina hilo halitaki mchezo. Tundu likizidi upana wa karatasi tu, kibano chayumba. Likipungua, kwa unyevu wetu huu, kikishaingia hakitoki bila nyundo.

Baba alikuwa amekwenda Tudor kumwangalia dadake mgonjwa. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikayaziba matundu yake yote kwa vipande vya mti na gundi, nikalainisha meza, nikatoboa matundu mapya kwa mistari, nimeifungia drili kwenye kiongozo ili isilale hata kidogo. Kigingi kiliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kikatulia kimya. Niliona raha ambayo fundi yeyote anayesoma hapa anaijua. Nikapiga picha, nikaziweka kwenye blogu hii, nanyi mkanisifu. Zile sifa nilizisoma mara kwa mara, siwafichi.

Vigingi vya zamani nilivitia kwenye gunia la vipande vya mbao. Gunia hilo huchukuliwa na mama anayekaanga viazi karai upande wa Makadara.

Sikumuuliza Baba.

Aliporudi kutoka Tudor alishuka asubuhi kama desturi. Akaipapasa meza kwa mkono wa kushoto, toka mwanzo hadi mwisho. "Mashallah," akasema, "imependeza." Akaketi. Akauweka ubao wake wa marufaa, uliobakia nakshi kidogo tu kumalizika, akakichukua kibano. Kibano cha skrubu kina tabia yake: mkono mmoja hushikilia, wa pili huzungusha. Wa kushoto ukazungusha. Wa kulia ukateleza. Akajaribu tena. Ubao ukaanguka sakafuni.

Niliurukia. Nikauokota, nikaubana imara, na kwa vile nilikuwa nimekwisha simama pale na patasi mkononi, nikaimalizia nakshi mwenyewe. Kazi ambayo ingemchukua asubuhi nzima niliimaliza kabla chai yake haijapoa. Nikampa. Akaigeuza, akaitazama, akaniambia ahsante. Kisha akasema amechoka kidogo, akapanda juu.

Hajashuka tena.

Khadija alidhani ugonjwa umerudi. Akampeleka hospitali, daktari akasema presha iko sawa na moyo uko sawa. Hilo halikumtuliza, lilimzidishia hofu. Akawa anampima asubuhi na jioni kwa kile kifaa cha mkononi, anampikia uji, anamwuliza wapi panamuuma. Baba anajibu haumwi popote. Usiku wa juzi nilimkuta mke wangu jikoni analia na maji ya mfereji ameyafungulia ili nisimsikie.

Nami nilikuwa najua. Si yote, lakini nilijua Baba haumwi. Nilijua ni meza. Nikajiambia mzee anahitaji kupumzika, umri wake umefika, na mwenye busara haingilii.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Acha niliandike kabla sijaona haya: nilifurahia nafasi. Meza nzima ilikuwa yangu. Nilitandaza ubao mrefu kutoka ncha hadi ncha bila kumwomba mtu asogee.

Leo asubuhi, mvua ilipopungua, Khadija alishuka karakana. Si kawaida yake kushuka nikiwa kazini. Alikuwa amebeba furushi la kitambaa, akaliweka mbele yangu na kulifungua. Patasi za Baba. Zote, zimepakwa mafuta, zimepangwa kwa ukubwa.

"Baba asema umpe anayezitaka," akaniambia. "Yeye hana kazi nazo."

Nikaiinua moja, nikairudisha mahali pake.

"Baba Mwanaisha," akasema, na Mwanaisha ni binti yetu, "kuna nini kati yako na babangu?"

Nikamwambia. Nilianzia matundu, nikaja vigingi, nikaja kibano na ubao ulioanguka. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa ile meza nzuri kama anayetaka kuipindua.

"Mimi nampima presha asubuhi na jioni, nawe wajua?"

"Nilidhani..."

"Na hivyo vigingi viko wapi? Mrudishie."

"Vimeungua."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifunga pembe za kitambaa, akalisukuma furushi upande wangu. "Panda juu ukaseme naye. Na usimpelekee maneno mengi."

Ngazi za nyumba hii nimezipanda miaka yote hii. Leo zilikuwa na mwinuko mwingine.

Baba alikuwa ameketi karibu na dirisha, redio inasoma habari kwa sauti ya chini. Nikamwamkia, nikaubusu mkono wake. Niliuchagua wa kushoto, bila kufikiri, na nikaona ameliona hilo.

"Ndoo hapa karibu, keti kitako," akasema.

Nikaanza na vigingi. Nikamwambia nilikosa kuviondoa bila idhini yake, kwamba ni mkono wake uliovichonga, kwamba nilijali mbao zangu tu. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Na sasa viko wapi?"

"Viliingia gunia la kuni, Baba. Vilikwenda kwa mama wa viazi."

Akazima redio.

"Viazi viliiva?"

"Viliiva, Baba."

Akacheka, kwa ule upande wa mdomo unaomtii. Nami nikataka kucheka naye, nikaona mwenyewe ameshaacha.

"Sikiza, Hamisi. Meza ni yako. Mimi nami nilipokuwa kijana naliivunja meza ya babangu, nikaunda hiyo. Vigingi si neno. Lakini ule ubao ulianguka mbele yangu mimi. Ulikuwa wangu. Ungeniwata, ungeniacha niuokote."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua wataka kunisaidia. Ukauokota, ukaubana, ukaumaliza, ukanipa mkononi kama mtoto apewavyo mwanasesere wake. Mkono huu umekufa nusu. Wewe siku ile ulinizika nao mzima."

Hakupandisha sauti. Alisema vile mtu anavyokuelekeza njia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa moja, na kumbe lilikuwa jingine. Siku zote hizi nimekuwa nikijilaumu kwa vipande vya mti, na jambo lenyewe nililihesabu kuwa wema. Nikamwambia, "Niwie radhi, Baba."

"Nimekuwia. Lakini kushuka sishuki. Nishuke nikatazame watu wakifanya kazi?"

Nikarudi chini. Nikajifunga mkono wa kulia mgongoni kwa kitambaa cha kufutia gundi, nikajaribu kubana ubao kwenye meza yangu. Kibano kikapinda, ubao ukazunguka, ukaniangukia kwenye kidole cha mguu. Nikajaribu na kingine. Nilitoka jasho, nikatukana peke yangu. Meza ambayo kila tundu lake nililipima na kulipima tena, sikuwahi kuipima kwa mtu aliyekuwa akiketi upande wa pili.

Nikajifungua. Nikatafuta kipande cha mvule kikavu, nikakikata vipande vya vigingi na kabari. Vichwa vyake nilivitengeneza vipana, vya kupigwa kwa ngumi. Kisha nikafika kwenye mashina, ile sehemu inayoingia tunduni, mikono yangu ikawa tayari inaifuata randa ili niyalete kwenye kipimo.

Hapo nikasimama.

Nikaviacha vinene vilivyo, haviingii popote. Nikamwita Khadija, nikamtilia kimoja mkononi. "Mpe Baba. Mwambie hiki hakijaingia kwenye tundu, na mimi sitakigusa."

Alikipokea, akapanda.

Adhana ya alasiri ikapita. Nikaswali, nikarudi, nikafagia maranda yaliyokwisha fagiwa. Kisha nikasikia ngazi: mguu mmoja, kituo, mguu wa pili. Baba alikuja na kigingi mfukoni. Akaketi upande wake, akalifungua furushi, akachagua patasi.

Alikiegemeza kigingi kwenye ukingo wa meza, akakizuia kwa tumbo, akaanza kukiparuza kwa mkono wa kushoto. Ganda jembamba, pumziko. Ganda jembamba. Mimi niliketi kwenye kigoda nimeikalia mikono yangu mwenyewe, kwa kweli, viganja chini ya mapaja. Mara nyingine patasi ilizama zaidi ya alivyotaka, na mwili wangu ukajiinua wenyewe, nikaurudisha.

Kigingi kikamponyoka. Kikaanguka, kikabingirika, kikaja kusimama karibu na mguu wangu.

Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko kutokiokota. Baba alishika mguu wa meza, akainama kidogokidogo, akatulia, akainama tena. Pumzi yake niliisikia. Khadija alikuwa mlangoni, mdomo ameuziba kwa leso, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa babake. Vidole vya kushoto vikakifikia. Alipoinuka uso ulikuwa umemwiva, na hakutazama yeyote.

Kikaingia tunduni. Akakisukuma kwa kidole gumba, akakitikisa.

"Hiki chacheza," akasema.

Kweli kilicheza. Nilikiona kutoka nilipoketi. Upande mmoja kimelika kuliko wa pili. "Chacheza kidogo, Baba," nikasema, kwa sababu kumwambia hakichezi kungekuwa ni kuumaliza ule ubao mara ya pili.

"Si kidogo. Kesho nitachonga kingine." Akakata ukanda wa msasa mkukuu, akauzungushia kwenye shina la kigingi, akakirudisha. Safari hii kikashika. Akauweka ubao mpya wa marufaa, akachomeka kabari, akapiga ngumi. Ubao haukutikisika. Akachora mistari ya mwanzo ya nakshi, mmoja umepinda, hadi magharibi ilipokaribia.

Akainuka. Nikanyoosha mkono kulegeza kabari, niutoe ubao.

"Uwate hapo," akasema. Akapanda juu.

Sasa naandika haya na nyumba imetulia. Khadija amenipakulia chakula, amekula mbali nami kidogo. Hajanisamehe bado, na sidai. Usiku wa leo hakumpima babake presha.

Ninalojiuliza ni hili: lau Khadija asingeniwekea zile patasi mbele ya macho, ningepanda ngazi lini? Naogopa ningeendelea kutandaza mbao zangu na kuziita siku hizo mapumziko ya mzee.

Ubao wa kichwa cha kitanda cha watu wa Kizingo unatakiwa, na ni mrefu. Kesho nitatandika mkeka sakafuni niurande hapo, nimepiga magoti, mgongo uume unavyotaka kuuma. Meza ina mwenyewe.