Bupe na baba mkwe wa kiwandani

Herieth we! Acha unachofanya, usome.

Supavaiza Revelian, yule yule aliyekufanya uache kazi, leo kapatikana. Kapatikana!

Kuna binti mgeni wa Tukuyu, Bupe, anashona cherehani ya jirani na yangu. Yuko kwenye majaribio, na wa kumpitisha ni Revelian. Wiki nzima jamaa anamshika kiuno, eti anakagua mshono. Jana kamwambia, "Nina kijana wa umri wako, ila mie bado nimo."

Leo mkono umetua tu kiunoni, Bupe huyo karuka! Kajifunika kanga kichwani, kageukia ukutani. "Baba mkwe! Si una kijana? Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawasogeleani, hata usoni hawatazamani!"

Baba mkwe! Kwa sauti ya kufika Kurasini!

Basi laini nzima tukazima cherehani, tukajifunika, tukageukia ukutani. Vigelegele! Jamaa kabaki katikati, jasho linamtiririka, "Fanyeni kazi nyie, fanyeni kazi."

Meneja akatoka ofisini, na mama yule hanaga masihara. Bupe akafunua kanga, akamweleza yote, Revelian akiwa palepale.

Meneja akatutazama. "Nani mwingine kashikwa na huyu? Anyooshe mkono."

Shoga, laini nzima! Revelian kasindikizwa na walinzi mpaka nje ya geti.

Mie nilinyoosha miwili. Meneja akauliza, mbona miwili? Nikamwambia, huu mwingine wa Herieth.