Kulwa na Doto kwenye ramani

Neema, mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa Shinyanga hatujambo. Mume wetu, babu yako, anakohoa kidogo, lakini ng'ombe bado anawafokea mwenyewe.

Umeniuliza: kompyuta ikikuta kisima kwenye ramani mbili, taarifa zake ziunganishwe vipi? Miaka ya tisini nilifanya kazi hiyo hiyo, ofisi ya maji. Ramani ya zamani ilikuwa na kisima kirefu. Mpya ilikuwa na chenye maji matamu, hatua chache tu kando. Nikasema ni kimoja, nikaviunganisha. Pampu ikafungwa kwenye kile kirefu, yakatoka maji ya chumvi.

Bibi mmoja wa kijiji kile akanishika mkono, akanionyesha visima viwili. "Hawa ni mapacha, mwanangu. Huyu Kulwa, huyu Doto. Mbona hukuuliza?"

Niliona aibu, maana nami ni pacha. Kwa hiyo nenda kwanza ukaulize wanaochota.

Tangu dada yangu Kulwa afariki, watu husema zamani niliimba vizuri sana kanisani. Aliyeimba ni yeye.

Bibi yako Doto, nisiyejua kuimba.